Tippu Tip

Tippu Tip (jina kamili: Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi; Zanzibar, mnamo 1837 – Zanzibar, Juni 1905) alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, kiongozi wa misafara na mtawala wa eneo kubwa la mashariki mwa Kongo katika karne ya 19. Familia yake ilikuwa na mizizi Zanzibar, Mrima na Tabora, na utajiri wake ulipita katika barabara ya misafara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora na Ujiji.

Mara nyingi hukumbukwa kama mtu wa bunduki, na bunduki alikuwa nazo. Lakini nguvu yake ilijengwa pia juu ya makubaliano: mikopo ya wenye mali wa Zanzibar, undugu wa ndoa na watemi, ushirika na wafanyabiashara wenzake, na mikataba na wageni kutoka Ulaya. Kwa makubaliano alitajirika, na kwa makubaliano alipoteza sehemu kubwa ya alichokipata bara.

Jina

Jina la kuzaliwa ni Hamed bin Muhammed. Tippu Tip ni jina la utani alilopewa bara. Yeye mwenyewe alieleza kwamba linatokana na mlio wa bunduki zake, kama watu waliokimbia mapigano walivyousikia. Maelezo mengine ni kwamba lilitokana na tabia yake ya kupepesa macho. Alijulikana pia kwa majina mengine ya vitani, kama Mkangwanzara, yaani mtu asiyeogopa kitu isipokuwa njaa.

Ukoo na utoto

Tippu Tip alizaliwa Zanzibar katika familia ya wafanyabiashara. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa wa kabila la Kiarabu la el Murjebi, lakini upande wa baba ulikuwa umechanganyika na watu wa Mrima, hasa wa Mbwamaji, kusini mwa Dar es Salaam ya leo. Mama yake, binti Habib bin Bushir, alitoka katika ukoo wa Waarabu wa Maskati. Kutokana na asili ya bibi zake, Tippu Tip alikuwa na rangi nyeusi, na wageni wengi wa Ulaya waliokutana naye waliliandika jambo hilo. Kwa lugha na desturi alikuwa Mswahili na Mwarabu kwa pamoja, kama walivyokuwa wengi wa tabaka lake.

Babu yake, Juma bin Rajab, alikuwa amefanya biashara bara kabla yake. Baba yake alikwenda mbali zaidi, akafanya Unyanyembe kuwa makao yake. Huko alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilikuwa na maana kubwa. Mfanyabiashara mgeni alihitaji ulinzi wa mtemi, mahali pa kujenga, chakula cha msafara na wapagazi. Mtemi naye alihitaji nguo, bunduki na baruti. Kwa hiyo Muhammed bin Juma hakuwa mpita njia Tabora, bali mkwe wa ikulu.

Akiwa na umri wa miaka 12 hivi, Hamed alianza kusafiri na wajomba zake pamoja na kaka yake wa mama mmoja, Muhammed bin Masud el Wardi. Safari zilikuwa fupi, na mzigo ulikuwa sandarusi, utomvu mkavu uliochimbwa pwani na kuuzwa nje kwa kutengenezea vanishi. Alipofikia miaka 18 baba yake alimchukua kwenda Unyanyembe.

Tabora na barabara ya misafara

Ili kuelewa maisha ya Tippu Tip ni lazima kuelewa barabara hiyo. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ni takriban kilomita 1,200. Misafara ilipita Uzaramo, Usagara na Ugogo kabla ya kufika Unyamwezi. Ugogoni maji yalikuwa machache na watemi walitoza hongo, ambayo ni ushuru wa kupita. Msafara uliokataa kulipa ulinyimwa maji na chakula au ulipigwa vita.

Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa njia panda ya bara. Kutoka hapo njia moja ilielekea magharibi hadi Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi hadi Ufipa na Katanga. Wafanyabiashara wa pwani walijenga nyumba za tembe zenye kuta nene za udongo na paa la bapa, wakapanda miembe na kulima mpunga. Wazungu Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857 na kupokewa na wafanyabiashara wa Kiarabu. David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa Kwihara, karibu na mji huo, mwaka 1872.

Vitabu vingi huonyesha kwamba pembe zote zilibebwa na watumwa hadi pwani. Katika barabara ya Tabora hali haikuwa hivyo. Sehemu kubwa ya mizigo ilibebwa na wapagazi Wanyamwezi, watu huru waliopatana ujira wao kwa nguo au fedha. Wanyamwezi walikuwa wamekwenda pwani kwa biashara zao wenyewe kabla ya Waarabu kufika Unyamwezi. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hadi 35, na aliweza kugoma au kutoroka kama hakuridhika. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, aliyejua njia, maji na desturi za kila nchi. Watumwa nao walipitishwa katika barabara hiyohiyo, wengi wakiwa wameuzwa au kutekwa vitani, na baadhi yao walibebeshwa mizigo.

Bidhaa iliyokwenda bara kwa wingi ilikuwa nguo. Iliyopendwa zaidi ni merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichoitwa hivyo kwa sababu kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani. Marekani ilifungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837. Pembe zilizorudi kutoka bara ziliuzwa Ulaya, Bara Hindi na Marekani, ambako zilitengenezewa vibao vya piano, mipira ya biliadi na vipini vya visu. Hivyo piano ya Marekani na mapato ya mpagazi wa Unyamwezi viliunganishwa na biashara moja.

Mgogoro wa Unyanyembe

Fundikira alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Mrithi wake, Mnywa Sere, alitaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Tabora. Wafanyabiashara walipinga, wakamuunga mkono mshindani wake, Mkasiwa. Muhammed bin Juma, akiwa mkwe wa ukoo wa utemi, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono Mkasiwa. Mnywa Sere alifukuzwa, akapigana msituni kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865.

Kwa kijana Hamed tukio hilo lilikuwa funzo. Swali la nani ana haki ya kutoza ushuru lilikuwa limemwondoa mtemi mmoja na kumweka mwingine. Baadaye yeye mwenyewe angefanya hivyo mara nyingi magharibi mwa Ziwa Tanganyika.

Mwanzo wa biashara yake

Kutoka Tabora na Ujiji, Hamed alivuka Ziwa Tanganyika kwenda Urua na kurudi na pembe. Baada ya safari hizo aliamua kufanya biashara kwa jina lake badala ya kuwa mtu wa baba yake.

Mfanyabiashara kijana hakuwa na mtaji wa kutosha. Msafara mkubwa ulihitaji mamia ya mizigo ya nguo, shanga, waya na baruti, na mapato hayakuonekana hadi baada ya miaka. Mtaji ulitoka kwa wafanyabiashara Wahindi wa Zanzibar, waliotoa bidhaa kwa mkopo na kulipwa kwa pembe kwa bei iliyowaachia faida kubwa. Tajiri aliyemwamini Tippu Tip zaidi alikuwa Taria Topan, Mwismaili aliyekuja kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Zanzibar na msimamizi wa forodha ya Sultani. Uhusiano wao ulidumu miaka mingi. Hata Tippu Tip alipokuwa ndani ya Kongo, deni na akiba yake viliandikwa katika vitabu vya Taria Topan.

Deni hilo lilikuwa na athari bara. Mtu aliyekopa hakuweza kurudi mikono mitupu. Pembe zilipokuwa adimu karibu na Tabora, kwa sababu tembo walikuwa wamewindwa mno, ilibidi kwenda mbali zaidi na kupata pembe kwa njia yoyote.

Vita na Nsama

Mwaka 1867 Tippu Tip alifika Itahwa, nchi ya Watabwa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Mweru. Mtawala wake, Nsama, ambaye Tippu Tip alimwita Samu, alisifika kwa kuwashinda wafanyabiashara waliomtangulia. Mapigano yalizuka. Tippu Tip alijeruhiwa kwa mishale, lakini bunduki zake zilishinda. Nsama alikimbia, na ghala lake la pembe likatekwa.

Ushindi huo ulimtajirisha na kumpa sifa. Muda mfupi baadaye alikutana na David Livingstone, ambaye safari yake ilikuwa imezuiwa na vita hivyo. Tippu Tip alimpa chakula na msaada wa njia. Livingstone aliichukia biashara ya watumwa na kuipiga vita kwa maandishi, lakini katika miaka hiyo alitegemea mara nyingi misafara ya wafanyabiashara walewale.

Utawala wa Utetera na Kasongo

Mnamo 1870 Tippu Tip alianza safari iliyomweka bara kwa takriban miaka 12. Alipita Tabora, akaenda Itahwa na Urua, kisha akaingia Utetera. Huko alitawala mzee Kasongo Rushie. Tippu Tip alikuwa amesikia kwamba dada wa mzee huyo alitekwa zamani na kupotea. Akadai kwamba mwanamke huyo alikuwa bibi yake. Mzee akaamini, akampokea kama mjukuu na kumwachia utawala.

Kwa dai hilo la uongo alipata nchi bila vita kubwa, pamoja na haki ya kupokea pembe kama kodi. Kisa hicho kinaonyesha kwamba alijua thamani ya undugu machoni pa watu wa bara, kama alivyokuwa ameiona nyumbani kwa baba yake na Karunde.

Mwaka 1874 alifika Nyangwe, kituo cha wafanyabiashara kwenye Mto Lualaba, na kukutana na Luteni Verney Lovett Cameron wa Uingereza. Alimsindikiza sehemu ya njia na kumpa watu wa kumwongoza kusini. Baadaye alifanya Kasongo kuwa makao yake makuu.

Katika eneo lake alifanya kazi za mtawala. Aliamua kesi, aliweka na kuondoa watemi, alizuia uwindaji wa tembo bila idhini, aliagiza njia zisafishwe na mashamba yalimwe kuzunguka vituo. Mpunga na mazao mengine ya pwani yalistawi Manyema. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Vijiji vilivyokataa kutoa pembe vilishambuliwa, na wanawake, watoto na vijana walitekwa. Wengine waligeuzwa kuwa askari na wapagazi, wengine waliuzwa. Kiongozi kama Gongo Lutete alianza akiwa mtumwa kisha akawa jemadari aliyewashambulia watu wa jirani kwa niaba ya mabwana zake.

Mkataba wa kwanza na Stanley

Mnamo Oktoba 1876 Stanley alifika Manyema akitaka kufuata Mto Lualaba hadi mwisho wake. Wenyeji walikuwa na uadui na wageni na watu wake waliogopa. Alifanya mkataba na Tippu Tip: amsindikize kwa vituo 60 kwa malipo ya dola 5,000.

Safari ilikuwa ngumu. Msitu ulikuwa mzito, ndui na kuhara viliua watu wengi, na mapigano yalikuwa ya mara kwa mara. Masharti yalibadilishwa njiani, na mwisho wa Desemba 1876 waliachana. Stanley alifuata mto hadi Bahari ya Atlantiki na kuthibitisha kwamba Lualaba ni Kongo. Tippu Tip alirudi, na baadaye alilalamika kwamba hakulipwa kama ilivyoahidiwa.

Safari ile ilikuwa na matokeo ambayo hayakuwa katika mkataba. Kwa kumsaidia Stanley kushuka mto, Tippu Tip alisaidia kufungua njia ambayo ingepeleka pembe za Kongo magharibi badala ya Tabora na Zanzibar.

Kurudi Tabora na Zanzibar

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Tippu Tip alielekea pwani na akiba kubwa ya pembe. Tatizo lilikuwa njia. Kati ya 1871 na 1875 mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa amepigana na Waarabu wa Tabora, na uhasama ulikuwa haujaisha. Misafara mingi iliogopa kupita karibu naye. Hata hivyo Mirambo alimtumia Tippu Tip ujumbe wa urafiki, naye akaupokea. Mfanyabiashara mwenye deni Zanzibar hakuwa na faida yoyote katika kuendeleza ugomvi wa wengine.

Alifika Zanzibar Novemba 1882. Sultani Barghash bin Said alitaka kumfanya liwali wake Tabora. Tippu Tip alipendelea kurudi Manyema, akieleza kwamba Wazungu wanaikaribia nchi hiyo na lazima ishikwe kwa jina la Sultani. Mwaka 1883 aliondoka tena kwenda bara.

Hesabu hiyo ilikuja kuchelewa. Desemba 1883 Stanley, sasa akimtumikia mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliweka kituo penye maporomoko ya Stanley, karibu na Kisangani ya leo. Katika Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 mataifa ya Ulaya yalitambua dola huru la Kongo chini ya Leopold. Ujerumani nayo ilianza kudai bara la Tanganyika. Tippu Tip alipoitwa Zanzibar mwaka 1886, Barghash alimweleza wazi kwamba hana tena uwezo wa kuitetea nchi ya bara. Mwaka huohuo watu wa Tippu Tip, yeye mwenyewe akiwa hayupo, walipigana na kituo cha Stanley na kukiteka.

Liwali wa Leopold

Tarehe 24 Februari 1887, mjini Zanzibar, Tippu Tip alitia sahihi mkataba na Stanley aliyekuwa akimwakilisha Leopold. Aliteuliwa kuwa liwali wa wilaya ya maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Alitakiwa kupandisha bendera ya dola la Kongo, kuzuia utekaji wa watumwa katika eneo lake na kupokea ofisa wa Kizungu pembeni yake. Aliruhusiwa kuendelea na biashara yake halali.

Kwa tajiri kama yeye mshahara huo haukuwa kitu. Alichotaka ni muda na jina rasmi. Sultani alikuwa ameshindwa, na kupigana na Ulaya yote hakukuwezekana. Baadhi ya Waarabu wenzake walimwona msaliti kwa kupandisha bendera ya kigeni. Wakosoaji wa Ulaya walimlaumu Stanley kwa kumpa cheo mfanyabiashara wa watumwa.

Wote wawili walisafiri kwa meli Madura, wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa Mto Kongo. Mwezi Juni 1887 Tippu Tip alifika kwenye maporomoko na kuanza kazi.

Katika makubaliano ya Zanzibar aliahidi pia kutoa wapagazi 600 kwa msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta katika Sudan. Stanley alitangulia na kuacha kikosi cha nyuma Yambuya chini ya Meja Edmund Barttelot. Wapagazi hawakufika kwa wakati. Tippu Tip alidai kwamba baruti na risasi zilizoahidiwa hazikutolewa, na kwamba hakuweza kuwalazimisha watu kwenda safari waliyoiogopa. Wapagazi takriban 400 walipatikana Juni 1888, baada ya karibu mwaka mzima. Wakati huo watu wengi wa kambi ya Yambuya walikuwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Barttelot aliuawa kwa risasi Julai 1888.

Mashtaka

Stanley alimtupia Tippu Tip lawama ya maafa hayo. Alipofika Zanzibar Desemba 1889 alifungua mashtaka katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza, akimdai kwa kuvunja mkataba. Fedha za Tippu Tip, pauni 10,000 zilizokuwa mikononi mwa nyumba ya Taria Topan, zikazuiliwa.

Habari zilimfikia Kongo. Mwaka 1890 aliacha wilaya mikononi mwa ndugu zake na kuanza safari ya kwenda kujibu mashtaka. Alipita Ujiji, na Tabora aliugua sana, akalazimika kukaa muda mrefu. Mji huo haukuwa tena wa Sultani: Agosti 1890 Emin Pasha, sasa akiwa mtumishi wa Ujerumani, alikuwa amepandisha bendera ya Ujerumani hapo. Mtemi Isike, mwana wa Mkasiwa, aliendelea kuwapinga Wajerumani hadi Januari 1893, alipojilipua kwa baruti ndani ya ngome yake badala ya kukamatwa.

Tippu Tip alifika Zanzibar Julai 1891. Kesi haikufika hukumu, kwa kuwa mashtaka yaliachwa. Lakini yalikuwa yamemtoa Kongo, na hakurudi tena.

Kuanguka kwa himaya

Akiwa Zanzibar, vita vilizuka mwaka 1892 kati ya askari wa dola la Kongo na Waarabu na Waswahili wa Manyema. Mwanawe, Sefu, aliongoza upande wa Kasongo. Gongo Lutete alihama na kujiunga na Wabelgiji, na jambo hilo liligeuza mizani. Nyangwe ilianguka Machi 1893 na Kasongo Aprili 1893. Sefu aliuawa vitani Oktoba mwaka huo. Mwanzoni mwa 1894 upinzani ulikuwa umevunjika, na mali zote za Tippu Tip Kongo zilikuwa zimepotea.

Pigo jingine lilitoka kwa mtu wa karibu. Muhammed bin Khalfan el Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, alikuwa mshirika wake wa biashara Ujiji. Baada ya kushindwa na Wabelgiji, Rumaliza alimshtaki Tippu Tip mbele ya Wajerumani Dar es Salaam, akidai sehemu yake katika mali ya ushirika. Kesi hiyo ilimgharimu Tippu Tip mali aliyokuwa amebakiwa nayo upande wa bara.

Miaka ya mwisho

Tippu Tip aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba yake Shangani, Mji Mkongwe, akiwa bado tajiri. Alikuwa na mashamba kisiwani, na utajiri wake uliendelea kutegemea kazi ya watumwa hadi utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897.

Mjerumani Heinrich Brode, aliyefanya kazi katika ubalozi wa Ujerumani Zanzibar, alimshawishi aandike maisha yake. Tippu Tip aliandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Brode aliyahamishia maandishi katika herufi za Kilatini na kuyachapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1950. Kitabu hicho ni mojawapo ya tawasifu za mwanzo kabisa katika lugha ya Kiswahili. Kimejaa bei, madeni, majina ya njia na mapatano, lakini kinasema machache sana juu ya mateso ya waliotekwa. Anayekisoma anapaswa kukumbuka kwamba ni utetezi wa mtu mwenyewe.

Alifariki Zanzibar Juni 1905 kwa malaria.

Urithi

Tathmini ya Tippu Tip haijakubaliana. Wengine humwona kama mjenzi wa dola ambaye angeweza kuunganisha Kongo ya mashariki na pwani kama Wazungu wasingefika. Wengine humwona kwanza kama mtu aliyetajirika kwa kuvunja jamii za watu. Mambo yote mawili yanatokana na kazi ileile: pembe zilizompa sifa huko Zanzibar zilipatikana kwa vita, kodi na utekaji huko Manyema.

Misafara yake ilieneza Kiswahili hadi Kongo, ambako kilikua na kuitwa Kingwana, jina linalotokana na waungwana wa misafara. Uislamu ulibaki Kasongo, Nyangwe na Kisangani. Kwa upande wa pili, watu wengi wenye asili ya Manyema walibaki Ujiji, Tabora na miji ya pwani, na vizazi vyao ni sehemu ya wakazi wa miji hiyo hadi leo.

Barabara ya misafara ilipoteza kazi yake reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, katika orodha ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia. Miembe mikongwe ya Tabora na Ujiji, na tembe la Kwihara lililofanywa makumbusho, bado huonyesha mahali ambapo misafara ilipumzika.